Somo: Kulipamba gari la kale bila kulipokonya umri wake

Assalam aleikum wanachama. Mwezi huu nimeulizwa sana: mwenye gari la kale afuate kiwanda kilivyoliunda, au alitengeneze anavyopenda mwenyewe? Nitajibu kwa gari ninalolijua kwa vidole, Peugeot 404, ile Pijo yenye mapezi nyuma iliyochorwa na Pininfarina na kuanza kuuzwa mwaka 1960. Mwenye Datsun au Volkswagen njia yake ni hii hii.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Simlazimishi mtu arudishe kila skrubu ya kiwandani. Ninachodai ni gari liwe na umri mmoja. Chochote ambacho mtu wa Makupa au Tudor, hapa Mombasa, angeweza kulifunga gari lake mwaka 1970, nakikubali kwa moyo mweupe. Kilichokuja baada ya hapo kiwe ni kitu ambacho spana itakifungua, na gari libaki zima.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

Andika mwaka mmoja, ubandike ukutani gereji. Usiseme tu "ya zamani". 404 iliundwa miaka mingi na ikabadilika njiani. Za mwanzo zina spidomita ya mstari mlalo, za baadaye zina geji za duara. Za mwanzo zina breki za drami magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukishaandika mwaka, nusu ya mabishano kati yako na fundi yamekwisha.

Kisha omba picha kwa jamaa. Watu wa Mombasa walipenda kupigwa picha wameegemea gari siku ya Idi. Usiangalie nyuso, angalia bampa, vifuniko vya magurudumu, keria ya juu. Hapo utaona magari yalivyovaa hapa kwetu, na vitabu vya Ufaransa havitakuonyesha hayo.

Hatua ya 2: Itafute rangi ya kwanza

Usimwamini mtu, hata aliyekuuzia. Vua mpira wa mlango wa nyuma, chagua mahali padogo kama sarafu, usugue kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800, taratibu, kwa mduara. Tabaka zitajitokeza moja ndani ya nyingine kama pete za kitunguu. Kwenye yangu, juu kulikuwa na nyeupe, chini yake maruni, kisha kijivu cha praima, na katikati kabisa kibuluu hafifu kama maji ya Nyali saa moja asubuhi. Nilinyamaza kidogo. Miaka yote nilidhani lilizaliwa jeupe.

Hulazimiki kuirudisha rangi hiyo, ila ijue kabla ya kuamua. Na ukichagua nyingine, chukua rangi iliyokuwako mwaka wako. Rangi za siku hizi zenye chembe za lulu zinafanya umbo zuri la 404 lionekane limeazima nguo.

Hatua ya 3: Kutu kabla ya urembo

Hapa sina huruma. Sisi tunaishi na chumvi hewani. Wengi wanapeleka gari kwa mpiga rangi wakati milango inaoza kwa ndani, na baada ya masika mawili rangi inafura kama andazi. Chukua waya mwembamba, zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye vizingiti. Kama maji machafu yanatoka, umepata kazi yako ya kwanza. Bati lililooza likatwe na lichomelewe jipya. Fila, ule ute wa kujazia mashimo, isiwe badala ya bati. Ukimaliza, nyunyiza nta ndani ya milango na vizingiti. Bampa la nikeli lipake rangi ya zinki upande wa nyuma, kwa sababu kutu huanzia kule usikokuona.

Hatua ya 4: Sasa lete ladha yako

Viti vya reksini nyekundu? Weka, lakini mshono ufuate mistari ya zamani, na fremu isikatwe. Taa za mbio? Zina haki yake hapa: 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na mwaka ule wa 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Lakini zifunge kwa bano kwenye boliti za bampa, usitoboe grili. Altaneta badala ya dainamo, ile ya zamani ya kuchaji betri, pia sawa. Dainamo ipake grisi, ifunge, iandike jina, iweke kabatini.

Dashibodi usiiguse kwa drili. Gereji moja iliwahi kunikatia tundu la redio nilipokwenda kusali Ijumaa. Tulilichomelea na kulipaka rangi, lakini bati lile lilikuwa limejipinda kwa moto, na jua la jioni likiingia kwa kioo cha mbele naliona bonde lake mpaka leo. Redio ya kisasa ifiche chini ya kiti, spika ziweke nyuma.

Hatua ya 5: Breki, mikanda, tairi

Hapa uasili unakaa kando. Funga mikanda na tairi mpya za radiali. Ukitaka diski, tafuta 404 ya baadaye, uchukue seti nzima ya mbele pamoja na kisaidizi chake cha breki.

Ukibadilisha rangi au injini, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, logbuku ilingane na gari.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Changamwe: Ami, gari langu linachemka kwenye foleni ya feri. Fundi anataka kutoa feni ya asili aweke ya kisasa. Nikubali?*

Bado, mwanangu. Feni ya 404 inashikwa na sumaku ya umeme maji yakipata joto. Mara nyingi kilichokufa ni swichi, waya au brashi ya kaboni. Pima kwanza kama umeme unafika. Safisha radieta pia. Hayo yote yakiwa sawa na bado linachemka, ongeza feni ya umeme mbele ya radieta, ya asili iache mahali pake.

*Kutoka Kongowea: Mimi nataka kulishusha na kuweka rimu kubwa. Gari ni langu na pesa ni zangu.*

Ni lako, kaka, wala sikukatazi. Naomba mambo mawili. Springi za asili usizikate. Nunua nyingine, hizo ziweke. Na matao ya magurudumu yasipanuliwe kwa nyundo. Binafsi sipendi, kwa sababu Pijo ilijengwa isimame juu na kumeza barabara mbovu, na ukiishusha unatupa kile kilichoifanya ipendwe. Lakini springi zikiwepo, mwanao anaweza kuirudisha.

*Kutoka Likoni, dada: Marehemu baba alituachia 404 stesheni wagon yenye safu tatu za viti. Aliiendesha matatu. Mlangoni kuna maandishi ya njia yake, yamefifia. Fundi anasema tukitaka uasili, yafutwe.*

Pole kwa msiba, dada. Yasifutwe. Kiwanda hakikuyaandika, baba yako aliyaandika, na ndiyo kazi iliyowalea. Paneli nyingine zipakwe rangi, mlango huo uachwe. Mwambie fundi achanganye rangi ifuate mlango ulivyofifia, asiulinganishe mlango na rangi mpya. Kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, isipite juu ya herufi. Osha kwa maji matamu na kitambaa cha pamba, kausha, kisha nta laini kwa vidole. Kabla ya yote lipige picha, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.