Kubadilisha pedi za breki za nyuma mwenyewe

Aliyezoea kubadilisha pedi za mbele hukwama nyuma kwenye pistoni, kile kipande cha mviringo kinachosukuma pedi, ambacho lazima kirudishwe ndani. Magari mengi yenye diski nyuma huwa na breki ya mkono ndani ya kalipa hiyohiyo inayobana pedi kwenye diski, na pistoni yake imeshikwa na skrubu. Ukiibana kwa klempu haiingii. Ukilazimisha, unaharibu mtambo wa ndani na utanunua kalipa nzima. Itazame pistoni usoni. Ikiwa na mikato, huzungushwa, mara nyingi kwa kufuata saa, huku ukiikandamiza polepole. Ikiwa haina, kwa kawaida husukumwa tu. Breki ya mkono ikiwa ya umeme, weka kwanza gari kwenye hali ya matengenezo kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kabla ya hapo usiiguse pistoni.

Egesha penye sakafu ngumu, zuia matairi ya mbele, achia breki ya mkono. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, ndipo uliinue na kuliegemeza kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika mbili.

Fungua boliti za kalipa, uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa paipu yake ya mpira, kwani hupasuka kwa ndani usione. Toa pedi na vibati vyake, sugua kutu kwa brashi ya waya. Pedi moja ikiwa imeisha na mwenzake bado nene, shuku pini za kalipa kwamba zimeganda: zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki. Unene wa chini wa diski huwa umechapwa kwenye diski yenyewe; ikipungua hapo, ibadilishe.

Pistoni ikirudi, mafuta ya breki hupanda kwenye kopo lake. Yachunge, maana yakimwagika hubabua rangi ya gari. Mkato wa pistoni ukae sawa na kijinundu kilicho nyuma ya pedi, la sivyo pedi hukaa upande na kuliwa vibaya. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja.

Kabla ya kuondoka kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini. Kisha, penye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara 10 hivi, bila kusimama kabisa, ili pedi zishikane na diski.