SOMO: Kurudisha mikoko ufukweni, na kwa nini ile yenu ilikufa

Wakuu, habari za Jumapili.

Kila masika yakiisha napokea ujumbe uleule: "Tulipanda mikoko elfu mbili, imekufa yote, shida nini?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia uzi huu, basi.

Mimi ni mtu wa Mkinga, Tanga. Niko kwenye kikundi cha kijiji cha kutunza mikoko mwaka wa 12 sasa. Shahada sina, matope ninayo.

HATUA YA 1: Ruhusa
Bara nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na serikali ya kijiji, Kenya nenda KFS (shirika la misitu la huko), Zanzibar nenda Idara ya Misitu. Hata kama unaokota mbegu tu.

HATUA YA 2: Jua kwa nini hapo pako wazi
Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoharibu.

Mwaka wetu wa pili mfadhili mmoja alitaka picha. Tukatafuta mahali papana, karibu na barabara, tukakuta tope safi mbele ya msitu upande wa bahari, halina mti hata mmoja. Tukafurahi, tumepata nafasi ya bure! Tukachomeka mbegu za mkoko kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mkonge. Picha zikatoka nzuri. Mwezi wa kwanza majani yakachomoza. Mwezi wa tatu vishina vimevaa mwani na vile vidudu vya magamba vinavyogandia ubavu wa ngalawa na kuchana vidole. Mwezi wa sita tulikwenda kuhesabu vijiti vikavu.

Kulikuwa na mzee mmoja anavua kamba, alikuwa akitupita pale kila siku na wavu wake begani. Baadaye nikamuuliza, mzee wangu, mbona hukutuambia? Akanijibu, "Mliniuliza?" Kumbe pale hapajawahi kuota mti tangu enzi za babu yake. Maji yanakaa mno.

Mkoko ni mti wa majini, lakini unapumua. Mizizi yake inahitaji saa za kutosha za hewa kila siku, na mche mchanga ambao bado haujatoa miguu ndio unaozihitaji zaidi. Ukiupanda chini mno unazama muda mrefu, unadhoofika, halafu vidudu na mwani vinaumalizia. Ufilipino wamepanda hivyo kwa miongo kadhaa kwa fedha nyingi, na sehemu kubwa ilikufa kwa kosa hilihili: mkoko kuchomekwa kwenye tope la wazi la chini kwa sababu halina mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujagusa mbegu, pima. Huhitaji mashine. Chukua fito mbili, zitie alama kila sentimita 10. Moja ichomeke pale miche ya asili inapoota yenyewe, ya pili pale unapotaka kupanda. Chagua siku isiyo na upepo. Maji yajae mpaka yasimame, kisha watu wawili wasome kina kwa wakati mmoja, mpigiane kelele tu. Uso wa maji ni sawa pande zote, kwa hiyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya ardhi. Sisi tulipima baada ya msiba: kwenye mililana (aina ya mikoko inayoota mbele kabisa) ya mwisho upande wa bahari maji yalinifika gotini, kule kwenye shamba letu la picha yalinifika kiunoni. Fito mbili tu zingetuokoa.

Na kama kina ni sawa lakini bado hapaoti kitu, tafuta ugonjwa ni nini:
– Tuta la barabara au la shamba la chumvi limeziba mkono wa maji.
– Udongo umefukia mizizi. Mwache kule Mombasa, mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo, ukafunika mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama.
– Mbuzi na ng'ombe wanakula miche.
– Watu bado wanakata. Hapo unapanda kuni, ndugu yangu.

Tatizo likiwa tuta, kata tuta. Tulifanya hivyo kwenye shamba la chumvi lililoachwa: tulichimba mapito matatu, hatukupanda hata mbegu moja. Maji yakaingia, yakaja na mbegu. Msimu wa tatu michu (aina nyingine ya mikoko) ilikuwa imenifika gotini, imejipanga inavyotaka yenyewe, na kaa wamerudi.

ONYO: ukipima ukakuta miche ya asili tayari inaota, USIPANDE. Mtaikanyaga. Na msipande juu ya majani ya bahari. Hayo nayo ni makazi ya samaki, msiue kimoja kwa jina la kingine.

HATUA YA 3: Aina
Kwa kawaida kutoka baharini kuja nchi kavu: mlilana, kisha mkoko wenyewe (mikoko ni jina la miti yote hii, lakini mkoko ni aina moja), kisha muia na mkandaa, nyuma kabisa mchu (ingawa mchu ni mbishi, utaukuta na mbele pia). Penye maji baridi (yasiyo na chumvi) yanayoteremka ndipo mkomafi na msikundazi. Tazama msitu wa jirani uuige.

Watu wanapanda mkoko mtupu kwa sababu mbegu yake ni rahisi: unaichomeka, unaondoka. Lakini ua la mlilana hufunguka usiku na popo ndiye mgeni wake. Muia unategemea ndege chozi. Mchu unalisha nyuki. Mkoko wenyewe chavua yake zaidi hubebwa na upepo. Ukijaza mkoko peke yake una miti, ila wageni hawana cha kufuata.

HATUA YA 4: Mbegu
Ya mkoko iliyokomaa ina shingo ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiigusa inaachia yenyewe. Ukilazimika kuvuta, iache. Yenye vitobo vidogo kama vya sindano itupe, ina mdudu ndani. Kisha ziweke kivulini chini ya gunia bichi kama wiki moja, kaa hawazipendi sana zikishapoteza ubichi. Za mchu loweka siku moja ganda litoke. Mlilana na mchu anzia kwenye viriba, usizimwage tu.

HATUA YA 5: Kupanda
Ncha kali chini. Nacheka lakini nimeona mstari mzima umepandwa kichwa chini, na viongozi wanapiga makofi. Zamisha theluthi moja, usiigongee na jiwe. Nafasi mita moja. Panda bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo) ikianza kulegea: maji bado yanapwa vizuri, na mche unapata siku za maji mafu (maji madogo) za kushika.

HATUA YA 6: Hesabu
Mwezi wa 3, wa 6, wa 12. Ikifa zaidi ya nusu usizibe mapengo, rudi hatua ya 2.

Maswali karibuni.

———

Jembe_Nyundo: Mkuu somo refu hili. Kwa ufupi, ekari moja miche mingapi? Tuna tukio wiki ijayo, mgeni rasmi ameshathibitisha.

Mwandishi: Kwa mita moja kwa mita moja ni kama 4,000. Mmepima?

Jembe_Nyundo: Eneo tumeshapewa, liko wazi kabisa.

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika hatua ya 2.

Jembe_Nyundo: Sasa mgeni rasmi nimwambie nini?

Mwandishi: Mpe fito.

Pesa_ya_Kaboni: Nasikia mikoko inalipa kaboni. Nikipanda heka kumi napata shilingi ngapi kwa mwezi?

Mwandishi: Kwa mwezi hupati kitu. Mfano ulio karibu nasi ni Gazi, Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni, yaani unalipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu unaihifadhi, tangu 2013. Ni hekta 117 na sehemu kubwa ni msitu wa asili wanaoulinda, siyo miche ya jana. Wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa inakwenda kwenye maji na shule za kijiji, siyo mfukoni mwa mtu. Halafu msitu ule si mali ya mtu mmoja. Wewe heka kumi za mikoko umezitoa wapi?

Pesa_ya_Kaboni: Nimeuliza tu boss, mbona mkali.

Mwandishi: Nami nimejibu tu.

Mwanafunzi_Mtwara: Shikamoo. Mimi nasoma mwaka wa pili. Nyuma ya kijiji chetu kuna jangwa la chumvi, halioti kitu isipokuwa michu mifupi mifupi, inanifika kifuani, na wazee wanasema iko hivyo tangu wakiwa watoto. Niipime hatua ya 2 au ndiyo asili yake?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Swali zuri, na umeshafanya nusu ya kazi kwa kuwauliza wazee. Jangwa la namna hiyo hufikiwa na maji ya bamvua kubwa tu. Yakishaingia, jua linayakausha, chumvi inabaki, mwezi ujao inaongezwa nyingine. Udongo unakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Mchu unavumilia kwa sababu unaitema kwenye majani. Nenda asubuhi kusipokuwa na mvua, ukate jani moja, ulambe upande wa chini: utaonja chumvi, na ukitazama vizuri utaona punje zinameta. Lakini kuvumilia si kunawiri, ndiyo maana ni mifupi. Mti wa kifuani pale unaweza kuwa na umri kukuzidi.

Kama hakuna tuta wala barabara iliyozuia maji, acha. Hilo ni jangwa halali, na ndege wa pwani wanalitumia maji yakijaa kwingine. Ila tembea ukingo wake wote kwanza. Ukikuta visiki vinene chini ya mchanga, basi zamani kulikuwa na msitu na kuna kitu kilibadilika. Ukiona visiki niandikie, nitakuja mwenyewe.

Mwanafunzi_Mtwara: Asante sana. Nitalamba kesho.

Binti_wa_Pemba: Kaka, muia ndiyo upi? Sisi tuna msinzi.

Mwandishi: Ndiyo huohuo dada. Ule wenye mizizi inayotoka na kukunja kama goti, na mbegu nene fupi kama sigara ya kizamani. Mkandaa mbegu yake nyembamba, ina mifuo. Majina yanabadilika kila ukivuka mkono wa bahari, kwa hiyo uliza kwa mizizi: mkoko una miguu ya kusimamia, mchu una penseli zilizochomoza, mlilana una pembe nene.

Binti_wa_Pemba: Hizo pembe za mlilana babu alikuwa akizikata kufanya maboya ya nyavu.

Mwandishi: Naam, nyepesi kama kizibo. Hilo nilisahau kuliandika.

Mtetezi_wa_Asasi: Naona unakatisha watu tamaa. Vijana wanajitolea, wanapanda, wewe unakuja na fito zako. Bora kupanda zikafa kuliko kukaa.

Mwandishi: Zilizokufa kwangu nilizipanda kwa mikono yangu, sijasimuliwa. Kila mbegu uliyookota ingeweza kuota ilipoangukia. Na kijiji kilichoona miche imekufa mara mbili, mara ya tatu hakitoki. Hao vijana wako wape majembe wakate tuta, au walinde msitu uliopo. Delta ya Rufiji ina hekta kama 50,000 zimesimama tayari, hakuna anayepiga picha akiwa hakati mti.

Mmaskati: Hapa Maskati kuna mtaa unaitwa Qurm, na qurm ndiyo mikoko. Lakini naona aina moja tu.

Mwandishi: Ni mchu huo. Oman hauoti mwingine, ukavu na chumvi vimeishinda mingine. Ndiyo maana majahazi yalikuwa yakija kwetu kuchukua boriti, mchu wa huko haukutoa nguzo za kuezekea. Ukitazama dari za nyumba kongwe za huko, fito zile ni za Rufiji na Lamu.

Mmaskati: Wallahi nyumba ya bibi ina dari hiyo. Nitaitazama kwa macho mengine.

Kaa_Tope: Nje ya mada kidogo, mnatembeaje humo? Mimi niliacha buti zote mbili.

Mwandishi: Buti usivae, tope linazinyonya. Vaa soksi kuukuu mbilimbili ukazifunge na kamba kifundoni, chaza hawatakukata. Ukikwama usivute kwa nguvu, inua kisigino kwanza hewa iingie. Na kanyaga karibu na mizizi, pale chini pamefungamana.

Kaa_Tope: Na lile tunda la mviringo kubwa kama dafu dogo?

Mwandishi: Mkomafi. Mbao yake mafundi wa ngalawa wanaipenda. Likipasuka, mbegu zake zimepangana kama vigae. Mpe mtoto azirudishe zilivyokuwa, utapata saa nzima ya utulivu nyumbani.

Binti_wa_Pemba: Kaka, mkienda kupima tena mtatuambia? Nina ndugu Tanga, naweza kuvuka.

Mwandishi: Karibu sana. Mwezi mpevu ni Alhamisi, sisi tunaingia Ijumaa. Siku hizo maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, kwa hiyo fito tunachomeka saa nne, tunakula, tunasoma saa kumi. Njoo na soksi.