Mtungi wa mbegu za madume (shahawa) unakausha naitrojeni haraka? Jinsi ya kujua kama utupu umekufa, na jinsi ya kuutunza usife

Wahimilishaji wenzangu, sisi tunaopandikiza mifugo mbegu, lalamiko ninalolisikia kila kona ni "naitrojeni ya siku hizi haikai". Jamani hiyo naitrojeni ya kimiminika inayogandisha mbegu zetu ni ileile, inachemka kwenye nyuzi -196 ukiwa Usa River ukiwa Njombe, shida iko kwenye mtungi na mara nyingi sisi wenyewe ndo tunauua.

Kwanza ujue umebeba nini. Ule si mtungi mmoja, ni miwili ya aluminiamu, mmoja umekaa ndani ya mwenzake na katikati hewa yote imevutwa ukabaki utupu, ujanja wa chupa ya chai tu ambao James Dewar aliuanzisha 1892. Utupu unazuia joto lisibebwe na hewa, ila joto la mionzi linapita hata pasipo na hewa, ndo maana mtungi wa ndani umeviringishiwa foili nyembamba tabaka kwa tabaka, na kila tabaka limetenganishwa na karatasi ya nyuzi za kioo maana foili zikigusana joto linapita kama kawaida. Halafu kuna mkaa maalum au zeolaiti humo katikati, kazi yake kunyonya vihewa vilivyobaki.

Sasa sikiliza hapa, mtungi wa ndani haukai juu ya kitu, unaning'inia kwenye shingo tu! Na shingo yenyewe ni ya faibaglasi kwa sababu haipitishi joto sana kama chuma. Kwa hiyo uzito wote wa naitrojeni, kanista (vile vikopo vya mpini mrefu) na mirija yako yenye mbegu unabebwa na kile kishingo, ukiulaza mtungi au ukirukaruka nao kwenye pikipiki barabara ya mawe, kinachopigwa ni pale pale. Ufa mdogo usioonekana kwa macho ukitokea hewa inaingia katikati, basi kwisha habari, usiku mmoja unatosha kukausha mtungi mzima na mbegu zote ndani.

Kwa hiyo kwenye usafiri: wima muda wote, tengeneza boksi la mbao lenye godoro chini na pembeni, ufunge usicheze. Mtungi usiuburuze wala usiuzungushe kwa ukingo wa chini kama watu wanavyozungusha mtungi wa gesi ya kupikia. Nyumbani uweke juu ya ubao, usiweke kwenye sakafu ya saruji moja kwa moja, unyevu wa saruji unakula aluminiamu taratibu na hutajua mpaka siku imetoboka.

Kwenye kujaza, kama mtungi umekaa mkavu una joto la chumbani usimimine lita zote kwa pupa. Weka kidogo, subiri upoe mpaka iache kuchemka kwa fujo, ndo uendelee. Tumia faneli na usimwagie nje, maana kuna kile kifuniko kidogo kwenye mwili wa mtungi, pale ndipo kiwandani walipovutia hewa, mpira wake ukimwagiwa naitrojeni unakakamaa na utupu unavuja. Kile kifuniko hakiguswi, hakifunguliwi "kuangalia kuna nini", utasikia fyuu na hapo umeshanunua mtungi mpya.

Kifuniko cha shingo nacho ni sehemu ya kinga, ile foamu ndefu. Ikilika au ikikatika agiza nyingine inayofanana, nimeona mtu kachomeka matambara na nailoni akakaza kweli kweli, hiyo ni hatari wakuu. Lita moja ya naitrojeni ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700, lazima ipate pa kutokea la sivyo mtungi unapasuka. Ilegee hivyo hivyo ilivyotoka kiwandani. Na kwa sababu hiyo hiyo usisafiri nayo kwenye gari lililofungwa vioo wala kulala nayo chumba kimoja, inafukuza oksijeni na haina harufu ya kukushtua.

Kupima sasa. Wengi tunatumia kijiti cha mbao au plastiki, unazamisha mpaka chini, unasubiri sekunde kama kumi, unatoa na kukipunga, barafu nyeupe itakuonyesha kimo. Usitumie bomba lenye uwazi, naitrojeni itakurukia usoni. Ila kijiti kinakwambia imebaki ngapi tu, afya ya mtungi utaijua kwa mizani. Jaza, acha itulie siku moja au mbili, pima uzito, uache wiki bila kuufungua fungua, pima tena. Lita moja ina kama kilo 0.8. Mfano kilo 24.6 imekuwa 23.4, imepungua 1.2, gawa kwa 0.8 unapata lita 1.5, gawa kwa siku 7 ni kama lita 0.2 kwa siku. Kwa mtungi wa lita 20 hapo bado uko salama, mpya huwa kama lita 0.1. Andika kwenye daftari, ukiona namba inapanda mwezi hadi mwezi basi utupu unakufa taratibu, anza kutafuta hela mapema.

Barafu kidogo mdomoni baada ya kujaza ni kawaida. Mwili wa mtungi ukitoka jasho au kuganda barafu mabegani, hiyo ni dharura, usisubiri kesho. Na usiupeleke kwa fundi friji, pampu yake haifikii utupu unaotakiwa hata aiwashe wiki nzima.

Kuhamisha mbegu: mtungi mwingine usio na tatizo ujazwe na upoe kwanza, uusimamishe kando ya ule mbovu, shingo kwa shingo, kanista zihame moja moja haraka, jua lisipige wala upepo. Mbegu zikivuka nyuzi -130 zinaanza kuharibika hata ukizirudisha, na mrija ni mwembamba, hewani unapata joto kwa sekunde tu. Zile ambazo tayari umezikuta juu ya naitrojeni zitenge uziweke alama, usimpelekee mfugaji kabla hujazipima kwa hadubini.