Friji ya Volti 12 Kwenye Gari la Safari: Namna Ninavyoichagua na Kuifunga

Wiki iliyopita kaka mmoja anayepeleka wageni wa kupiga kambi alinifuata gereji, hapa Unga Limited, Arusha, na picha tatu za friji kwenye simu. "Fundi, ipi ina bei nzuri?" Nikamwambia bei aiweke kando kwanza. Aniambie gari litalala wapi, usiku mngapi, na injini ikiwa imezimwa kwa saa ngapi. Nilichomwelekeza ndicho hiki.

Hatua ya 1: Aina

Zile ndogo za bei poa zisizo na kompresa huvuta ampia 4 hadi 5 bila kupumzika, na hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje. Gari likiwa limeegeshwa Tarangire saa nane mchana, ndani nyuzi 38, soda yako itakuwa na nyuzi 18. Hiyo si friji, ni boksi lenye feni. Za gesi zinafaa kambi ya kudumu: zinataka kukaa sawasawa, gari likiinama zinagoma, na moto ndani ya gari linalotembea mimi siukubali. Ukizihamishia kwenye betri zinakula vibaya.

Chukua ya kompresa, na hapo sibishani. Mimi napendelea zenye kompresa ya BD35, ambayo mafundi wengi bado tunaiita Danfoss ingawa siku hizi ina jina la Secop. Ndiyo hiyohiyo wanayofunga kwenye mashua za watu wanaoishi majini. Ikiwa kazini huvuta ampia 3 hadi 5, ikishapoa inalala.

Hatua ya 2: Boksi

Lita 40 au 50 kwa watu wanne. Mlango uwe wa juu, maana hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele inakumwagikia miguuni. Upande wa kompresa usiuzibe kwa mahema.

Hatua ya 3: Hesabu

Usiku wa ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 kwenda juu, friji itafanya kazi kama robo ya muda. Ukishuka Natron kwenye joto, piga hesabu ya nusu ya muda: ampia 4 mara saa 12, yaani ampia-saa 48 kwa siku. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja tu ya kukaa bila kuwasha gari. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo itakupa karibu siku mbili.

Hatua ya 4: Waya

Hapa ndipo niliwahi kupoteza siku mbili nzima. Mzee mmoja alirudi kutoka Serengeti na nyama imeoza. Friji inawaka, inanguruma sekunde chache, inazima, inawaka tena. Nikapima betri: volti 12.5. Nikapima kwenye tundu la sigara nyuma: 12.4. Nikasema basi, umeme upo, ubongo wa kompresa, yaani kile kisanduku cha elektroniki kinachoiongoza, umekufa. Nikanunua mwingine kwa hela yangu. Ugonjwa uleule.

Kosa langu lilikuwa kupima friji ikiwa imelala. Waya nyembamba isiyopitisha mzigo haipotezi volti, kwa hiyo inaonekana nzima. Siku ya pili nikaacha ncha za mita kwenye teminali za friji yenyewe, nikasubiri kompresa iamke. 12.4, halafu ghafla 10.3. Kompresa hii imepangwa kujizima ikifika 10.4 ili kulinda betri, na haiwaki tena hadi 11.7. Ikijizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inajaribu tena. Basi usiku kucha ni mchezo huo. Hata taa ndogo ya ubongo ilikuwa inaniambia: kumweka mara moja maana yake ni volti ndogo. Mara tatu ni kompresa kushindwa kuanza, mara tano ni joto kupita kiasi.

Nilipobandua zulia nikakuta waya ya spika.

Kwa hiyo: toa waya ya shaba moja kwa moja kutoka betri, chanya na hasi zote mbili. Hasi usiifunge kwenye bodi ya gari. Vumbi na kutu vitakula ule mguso. Kwa mita 5 tumia waya ya milimita za mraba 6. Ukihesabu kwenda na kurudi, kwa ampia 5 inapoteza kama volti 0.15, ya 1.5 inapoteza karibu 0.6, kabla hujaweka tundu bovu na fyuzi iliyolegea. Fyuzi ya ampia 15 ikae karibu kabisa na betri. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, si kwa meno ya plaizi. Na tundu la sigara usilitumie kabisa kwa friji: barabara ya matuta ikilitikisa linalegea, linapata moto, linayeyuka.

Kisha pima tena, friji ikiwa inanguruma.

Hatua ya 5: Betri ya pili

Weka, pamoja na swichi ya kuitenganisha na betri ya kuwashia gari. Friji ipoze nyumbani kwa umeme wa TANESCO usiku wa kabla ya safari.

Yule kaka tulimfungia Jumamosi. Tundu la sigara aliomba nimwachie, la kuchajia simu.