Namba 720,720 kwa anayefundisha kugawanya

Kama unamfundisha mtoto kugawanya kwa njia ndefu, andika namba hii pembeni ya daftari lako: 720,720. Inagawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16, na hakuna namba kamili chanya ndogo kuliko hiyo inayoweza kufanya hivyo. Kwa maneno ya darasani, ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo zote.

Faida yake ni kubwa. Mpe mtoto agawe kwa 13: jibu ni 55,440. Agawe kwa 14: 51,480. Akipata baki, anajua mwenyewe kwamba amekosea mahali, anarudi kutafuta kosa bila kusubiri kusahihishwa. Hilo la kujisahihisha ndilo ninalolipenda zaidi. Akifika 17 atabaki na 5, na hapo hajakosea.

Siri iko ndani: 720,720 ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Kwa hiyo namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia mara mbili, tuseme 358,358, lazima igawanyike kwa 7, 11 na 13. Mwache mtoto achague tarakimu zake ajaribu.

Kwa wakubwa kidogo, waivunje kuwa namba tasa: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Unapata idadi ya vigawo vyake, yaani namba zote zinazoigawa bila baki: 240.