Jinsi ya kuendesha jarida dogo la mwandishi mmoja wa hadithi za ajabu, ukiwa Mbeya

Mwongozo huu ni wa watu wawili au watatu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu wanaotaka kutoa jarida la kurasa 36 kuhusu mwandishi mmoja tu. Mfano tunaoutumia ni H. P. Lovecraft (1890–1937), Mmarekani wa Providence aliyeandika vitisho vya angani na vya vilindi vya bahari. Yeye mwenyewe aliendesha jarida dogo, The Conservative, kuanzia 1915 hadi 1923, na matoleo yakawa 13 tu. Mwenzenu akitaka toleo kila mwezi, mpeni hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Andika sentensi moja: tunapokea makala kuhusu hadithi, barua na maisha ya Lovecraft, pamoja na tafsiri za Kiswahili. Hadithi mpya za kumwiga zikatae tangu siku ya kwanza. Ndizo zitakazomiminika, na ukizifungulia mlango, jarida litakuwa la kila mtu isipokuwa Lovecraft.

Toa matoleo mawili kwa mwaka, Juni na Oktoba. Sababu ni mvua. Utaiona tutakapofika kwenye karatasi, Hatua ya 5.

Hatua ya 2: Jua unanukuu nini

Hadithi yake "At the Mountains of Madness" ilipotoka katika gazeti la Marekani, Astounding Stories, mwaka 1936, wahariri waliikatakata aya zake na kuondoa baadhi ya maneno. Anayenukuu nakala yoyote aliyoiokota anaweza kuwa anamchambua mhariri wa gazeti. Kila mchangiaji ataje chapa aliyotumia. Zilizosahihishwa na mtafiti wa Lovecraft, S. T. Joshi, kwa wachapishaji Arkham House miaka ya 1980 ndizo kipimo kizuri.

Kuhusu haki za kutafsiri, Lovecraft amepita hata miaka 70 tangu kifo, kikomo cha ulinzi katika nchi nyingi. Ila hadithi alizokuja kuziendeleza mwandishi mwenzake August Derleth, aliyefariki 1971, ziache. Kazi ya watu wawili huhesabiwa kuanzia aliyekufa mwisho.

Hatua ya 3: Omba makala zenye swali

Makala nne za maneno 1,500 hadi 2,000, tafsiri moja fupi, na ukurasa wa barua zinatosha. Kosa kuu la wachangiaji wapya ni kusimulia hadithi yote upya. Weka sheria: muhtasari usizidi aya moja.

Nyanda za Juu Kusini hazina haja ya kurudia yaliyosemwa Marekani. Hadithi yake "Arthur Jermyn" (1921) imejengwa juu ya Kongo ya kubuni na chuki ya wazi dhidi ya watu weusi, na Lovecraft hakuwahi kukanyaga Afrika. Nyingine, "The Picture in the House", inataja kitabu cha Mwitaliano Pigafetta kuhusu Kongo, chapa ya Frankfurt ya 1598, ambacho Lovecraft alikijua kupitia maandishi ya mwanabiolojia Mwingereza T. H. Huxley tu. Alikopa nini, na kwa mikono mingapi? Hiyo ni makala. Anayetaka kuuzunguka ubaguzi huo kimyakimya, mrudishie kazi yake.

Hatua ya 4: Orodha ya maneno

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda. Tengeneza karatasi moja ya maneno yanayoruhusiwa na yaliyokatazwa, na kila mfasiri awe nayo.

Katika tafsiri usitumie mzimu, jini wala pepo. Mzimu ni wa ukoo, ukiutambikia unatulia. Jini ana dini yake na mnaweza kuahidiana. Pepo hupungwa. Viumbe wa Lovecraft hawapungwi wala hawatambikiwi, kwa kuwa hawajui kama upo. Ukiandika jini, umeshamtuliza msomaji.

Kigumu zaidi ni ngeli. Neno it la Kiingereza linaficha, Kiswahili hakikuachii. "Kiumbe alitoka majini": tayari yu hai. "Lilitoka majini": msomaji ananusa zimwi la hadithi za bibi, anaanza kusubiri wimbo. "Kilitoka majini" ina baridi inayotakiwa. Tumia ki- mpaka pale msimulizi mwenyewe anapokiri kwamba ni kiumbe hai, kisha uhamie a-. Mhariri apige mstari chini ya kila kitenzi na kila kimilikishi katika kurasa hizo. "Lake" moja iliyoponyoka kati ya "chake" inabadilisha mnyama katikati ya aya.

Cthulhu, kiumbe wake maarufu kuliko wote, aandikwe vilevile. Lovecraft alieleza katika barua kwamba jina hilo halikuundwa kwa koo la binadamu, hivyo usilifanyie hisani.

Hatua ya 5: Kurasa, karatasi na pini

Kurasa 36 za A5 ni karatasi 9 za A4 zilizokunjwa. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 unabeba maneno kama 300, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Programu ikiachwa kwenye Kiingereza itakata maneno ovyo. Zima ukataji au ukate kwa silabi.

Chapa kama kijitabu, pande mbili, ukigeuza kwa upande mfupi. Ukigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini. Kagua hivi: kila kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zijumlishe 37, yaani 36 na 1, 2 na 35, hadi 18 na 19. Jaribu nakala moja kabla ya mia.

Nakala 100 zinakula karatasi 900. Nunua rimu mbili. 100 za ziada ni za kuharibika. Karatasi za gramu 80 zikikaa wazi Tukuyu wakati wa mvua hujikunja na kukwama kwenye mashine ya fotokopi. Zitunze kwenye ndoo yenye mfuniko.

Jalada la manila hupasuka kwenye mkunjo, kwa sababu nyuzi za A4 kwa kawaida zimelala kwa urefu na wewe unakunja kuzivuka. Vuta mstari kwanza kwa rula na kalamu iliyoisha wino.

Stepla ya kawaida haifiki katikati. Kama hakuna yenye mkono mrefu, shona: tundu moja katikati ya mkunjo, sentimita 10.5, mengine mawili sentimita 4 kutoka kila ncha, kwa uzi wa kushonea viatu. Karatasi za ndani zitachomoza karibu milimita 1, hivyo acha pembizo la nje milimita 15 kabla ya kupeleka kukatwa.

Hatua ya 6: Kutoka na kufika

Kabla ya kuchapa, uliza Idara ya Habari, Maelezo, kama chapisho lako linahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na ulizia ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida. Namba hiyo ina tarakimu 8, ya mwisho inaweza kuwa X, na jina la jarida likibadilika sana unaomba mpya.

Nakala moja yenye jalada ina uzito wa gramu 55 hivi. Mia ni kilo 5 na nusu, boksi moja la basi. Andika namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi, kwa kalamu isiyofutika na maji.