Mguu umevimba au pumzi imekata ghafla? Mambo ya kujiandaa nayo kabla hujafika emajensi

Jamani, mguu mmoja ukivimba na shavu la mguu likauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, usikubali mtu auchue na mafuta ya moto, hilo bonge la damu linaweza kuchomoka likapanda mpaka kwenye mapafu. Na kama pumzi imebana ghafla, umezimia au unakohoa damu, nenda sasa hivi, haya mengine atayaeleza anayekusindikiza.

Kule daktari haanzi na mashine, anaanza na stori yako. Kuna pointi wanajumlisha kukadiria kama una bonge la damu, zinaitwa Wells, na nyingi unazo wewe mwenyewe: opereshoni ndani ya wiki 4, kulala kitandani siku 3 au zaidi, kansa, kuwahi kuganda damu huko nyuma, mapigo kupita 100 kwa dakika. Kwa hiyo tarehe ya opereshoni iandike kwenye simu kabisa, maana ukiwa unahema huwezi kukumbuka. Vidonge vya majira, mimba au kujifungua wiki 6 hizi, vyote vitaje bila aibu. Vaa nguo inayopanda juu ya goti kirahisi, kwa sababu watapima miguu yote miwili kwa futi kamba, tofauti ikizidi sentimita 3 hiyo ni pointi.

Pointi zikiwa chache ndo wanatoa damu ya kupima D-dimer, yaani mabaki ya damu iliyoganda ikimeng'enyuka, ikirudi iko chini mara nyingi habari inaishia hapo, ila ikiwa juu usipanik, mimba na maambukizi navyo vinaipandisha. Pointi zikiwa nyingi wanaruka moja kwa moja kwenye picha, na mimi naona hapo usibishane nao kuhusu gharama. Kwa mguu ni ultrasaundi, wanaukandamiza mshipa, mzima unabonyea mpaka unajifunga, wenye bonge unagoma. Haina mionzi, ndo maana mjamzito mwenye mguu uliovimba huanziwa nayo. Kwa mapafu ni siti skani, unachomwa dawa ya kufanya mishipa ionekane, so sema mapema kama figo zina shida, unatumia metformin (dawa ya kisukari), au hiyo dawa iliwahi kukupa aleji.

Halafu beba dawa zako zote na maboksi yake, na kama una vidonda vya tumbo vilivyowahi kuvuja damu sema kabla hujaulizwa, maana wakikushuku sana wanaweza kukuanzishia sindano ya kuzuia damu isigande hata majibu ya picha hayajatoka.